Raba ya Mfuniko

Bi Khadija alichota maji ya tangi kwa kikombe cha plastiki, akakiinua hadi usawa wa uso, akayamimina tena mlemle ili yaingie na hewa. Akachota tena. Samaki wekundu wa Tariq walikuwa juujuu, midomo nje, wakihema.

"Mama, nipe mimi. Mkono umekufa ganzi huo."

"Wewe tafuta raba, Ummi. Hii niachie."

Ummi aliitazama filta iliyolala kimya chini ya meza, mkebe mkubwa kama ndoo, mipira yake miwili ya kupitishia maji ikipanda hadi kwenye tangi. Mota ilikuwa nzima. Kilichokufa ni raba ya mfuniko, iliyokatika kwa uzee. Ukiiwasha, maji yanafurika sakafuni. Duka la Nairobi lilimwambia modeli hiyo haiji tena, anunue mpya. Mpya! Kwa shahada isiyo na kazi? Akajaribu mwenyewe kukata ukanda wa raba na kuunga ncha zake kwa gundi ya pancha. Pale pale penye kiungo pakavuja.

Lakini hakuwa na hofu ya samaki hasa. Hofu yake ilikuwa kaka yake. Tariq alikwenda Uarabuni kuendesha lori, akamwachia mama tangi lake kwa maneno matatu: niwekee, nitarudi, usiwasahau. Kisha simu yake ikazimika, wala haikuwaka tena. Iko ofisi Nairobi inayowafuatilia waliopotea kazini ng'ambo, ila walimtaka mzazi aende mwenyewe kuandikisha. Bi Khadija alianza kwa kusema goti linamuuma. Halafu akasema Ramadhani ipite kwanza. Sasa alikuwa na hili la kikombe.

"Nikitoka hapa watakufa," alisema. "Akirudi nimwambie nini?"

Nje, Mwangangi muuza maji alisimamisha mkokoteni wake wa punda, akachungulia dirishani.

"Mama Tariq! Yaani siku hizi mnanywesha samaki maji?"

"Hawana hewa, Mwangangi," Ummi alimjibu, akitoka na mtungi. "Filta imeharibika."

"Aiya! Si ukaange hao, mimi nilete unga."

Ummi aliusogelea mkokoteni. Macho yake yalikuwa yamenasa kwenye blada, raba nyeusi iliyobana gunia kwenye mdomo wa pipa la maji la Mwangangi. Aliizungusha kwa vidole. Akaizungusha tena. Haikuwa na fundo wala kiungo. Ilikuwa kipande cha tyubu kilichokatwa kwa upana, duara zima kama ilivyotoka kiwandani.

"Hii ni ya pikipiki, ndogo. Ningepata ya gari..."

"Gari za siku hizi hazina tyubu, wewe."

Wote wawili wakatazama magurudumu ya mkokoteni.

"Usiangalie miguu ya punda wangu hivyo!" Mwangangi alisema. "Niko na tyubu moja ilipasuka, iko nyumbani. Nitakuletea nikitoka mtoni."

Aliileta jua likianza kulegea. Ummi aliisugua kwa brashi mpaka maji yakatoka safi. Hapo, mkasi mkononi, wazo likamjia. Akiikata vibaya, samaki watakufa, na mama hatakuwa na sababu ya kuchota maji. Ataondoka tu kwenda Nairobi. Alisimama nalo wazo hilo muda mrefu kuliko alivyopenda. Kutoka ndani ulisikika mmwagiko wa maji, kimya kidogo, kisha mmwagiko tena, polepole kuliko asubuhi.

Akakata. Kipande cha kwanza kilikuja mshazari, akakitupa. Cha pili kilikuwa sawa. Alikivuta kidogo kwenye ukingo wa mkebe, kikakaa. Akashindilia mfuniko, akafunga vibanio, akachomeka umeme.

Filta ilikohoa, ikatema mapovu, kisha ikaanza kunguruma kwa sauti ndogo ambayo nyumba ile ilikuwa imeisahau. Maji yakacheza juu ya tangi. Bi Khadija alibaki na kikombe kimejaa, hakukimimina.

"Haivuji?"

"Angalia mwenyewe, Mama."

Mama aliinama kwa shida, akapitisha kidole kuzunguka mfuniko wote. Akakitazama. Kilikuwa kikavu. Alikaa palepale sakafuni.

"Kwani ulidhani nawaogopea samaki?" alisema. "Hapa nyumbani hakuna aliyeniambia neno. Huko ofisini kuna mtu ataniambia."

Ummi alijikunja kando yake. Alikuwa ameandaa maneno mengi mazuri ya kumpa moyo, na sasa hakuona hata moja ambalo lingekuwa kweli.

"Mimi pia naogopa," alisema. "Ndiyo maana sitaki uende peke yako."

Samaki mmoja alishuka chini ya tangi, halafu mwingine. Bi Khadija aliwafuata kwa macho. Akamimina maji ya kikombe kwenye tangi taratibu, akakifudikiza kikombe mezani.

"Kesho baada ya alfajiri," alisema. "Nitolee ile picha ya pasipoti ya Tariq, isije ikasahaulika."

Kulipopambazuka walikwisha kufika mlangoni Bi Khadija alipogeuka, buibui likiburuzika, akarudi akaweka kiganja juu ya filta kama anayepima homa ya mtoto.

"Inatetemeka, Ummi."

"Ndivyo ilivyo ikiwa nzima, Mama."

Alikiacha kiganja pale kidogo. Kisha akakiondoa, akatoka mwenyewe mbele.