Earline Amshtaki Dada Yake

Kama kuna jambo ambalo Earline Purvis hakuwahi kuliota, hata akiwa na homa, ni kukaa meza yake mahakamani, dada yake Vernetta meza nyingine, kila mmoja na wakili wake, kama majirani wanaogombania mpaka wa shamba. Hawa ni ndugu wa tumbo moja. Walizaliwa hapa hapa Carolina Kaskazini, wakawazika wazazi wao pamoja, wakawazika waume zao pia, na kila Jumapili walikaa benchi moja kanisani. Vernetta ndiye aliyekaa upande wa njia, kwa kuwa alikuwa kiongozi wa wapokea wageni na ilikuwa lazima aonekane.

Lakini sheria ya jimbo letu ina kichwa kigumu. Siku ya karamu ya samaki ya kanisa, Earline alianguka kwenye ngazi za nyuma za nyumba ya Vernetta, nyonga ikavunjika. Vernetta alikuwa na bima ya nyumba, akiilipia tangu mumewe yu hai. Kampuni ya bima ikagoma kulipa. Na kwetu huwezi kuishtaki kampuni yenyewe. Unamshtaki mwenye nyumba kwa jina lake, na kampuni inajificha nyuma ya gauni lake na kumletea wakili. Mbaya zaidi, mbele ya wale raia kumi na wawili wanaoamua kesi, neno bima halitamkwi. Ukilitamka, kesi inavunjwa na mnaanza upya.

Earline alikataa katakata. Alisema Mtume Paulo amewakataza ndugu kupelekana mahakamani. Aliyemlazimisha alikuwa mshtakiwa mwenyewe.

"Nishtaki!" Vernetta alifoka, amesimama kando ya kitanda cha mgonjwa, mikono kiunoni. "Miaka yote nawalisha wale watu wa bima, sijawadai hata msumari. Nishtaki, Earline, ama nitajishtaki mwenyewe!"

"Watu watasema nini, dada?"

"Si waliisema hata kofia yangu ya Pasaka? Nilikufa?"

Jambo lenyewe lilikuwa nyumba. Earline asipolipwa, nyumba yake ingeuzwa kulipia hospitali, naye angepelekwa nyumba ya wazee, mji wa mbali, kula chakula kisicho na chumvi pamoja na watu asiowajua. Akilipwa, angemwajiri mtu wa kumsaidia kuoga na kuvaa, akabaki chini ya paa ambalo mumewe alilipiga misumari kwa mkono wake. Kuhamia kwa Vernetta hakukuwezekana. Nyumba ile imeinuliwa juu ya nguzo kwa sababu ya mafuriko ya mto, na huwezi kuiingia bila kupanda ngazi. Basi Earline akashtaki.

Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Watu wa mji wetu hawakuchukua jembe, walichukua viti. Siku ya kesi, mabenchi ya mahakama yalijaa kofia za akina mama wa kanisa, na wengi wao waliamini kwamba Earline anataka kumnyang'anya dada yake kila alicho nacho. Mawakili walikuwa wamewakataza dada hao kuwaeleza vinginevyo, neno lisije likawafikia wale kumi na wawili.

Na sheria ile haina huruma. Aliyeumia akiwa na kosa lake mwenyewe, hata la ukubwa wa punje ya mtama, hapati kitu. Ubao wa tatu wa ngazi ulikuwa umeoza kwa ndani, juu umepakwa rangi nyeupe, ukiuangalia huoni kasoro. Kwa hiyo kesi nzima ilining'inia kwenye swali moja: Vernetta alimwonya mdogo wake, au hakumwonya?

Alimwonya. Alipaza sauti kutoka jikoni, na Earline akaisikia vizuri kabisa, ila alikuwa amebeba sinia la samaki, anacheka mzaha wake mwenyewe, akakanyaga palepale alipokatazwa. Dada hao hawakuwahi kulizungumzia jambo hilo tena, hata walipokuwa peke yao. Walipoulizwa ofisini kwa mawakili, kila mmoja alisema hakumbuki. Uzee nao una faida zake.

Wakili wa Earline, Bi. Spruill, mwanamke mwembamba mwenye sauti nene, alimwita Vernetta kwanza. Vernetta akaapa.

"Mama, ulijua kwamba ubao ule umeoza?"

"Nilijua."

"Ulimwambia mdogo wako?"

Vernetta aliutazama mkono wake wa kulia, ule alioapia. "Sikumwambia."

"Hata neno moja?"

"Hata moja."

Earline aliinamia meza. Dada yake ni mtu ambaye ukimuuliza kama pai yako ya viazi vitamu imeiva, anakuambia ukweli mbele ya wageni wako. Leo alikuwa anadanganya mbele ya Mungu na kofia zote zile, na alikuwa anadanganya kwa ajili yake.

Bi. Spruill alifanya kazi yake. "Kwa hiyo uliendelea kukaanga samaki, umenyamaza, na mdogo wako anapita juu ya ubao mbovu?"

"Ndiyo."

Kwenye benchi la mbele mtu alisonya. Lovie Tyndall, aliyesimama mlango mmoja na Vernetta kanisani kila Jumapili, alimnong'oneza mwenzake huku akitikisa kichwa. Vernetta alirudi mezani kwake. Alikaa wima, kidevu juu, kama anavyokaa msibani, na hakumtazama mtu.

Ikafika zamu ya Earline. Walimsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu hadi mbele, akaapa, akasimulia maumivu yake, akaeleza ngazi na rangi yake nyeupe. Kisha akasimama Bwana Haverty, wakili aliyeletwa na kampuni, mtu mpole wa maneno, mwenye adabu zote.

"Bi. Earline, wewe na dada yako mnapendana?"

"Sana."

"Na siku ile hakukwambia neno lolote kuhusu ubao ule?"

Jibu lilikuwa tayari. Alilifanyia mazoezi mbele ya kioo, neno moja tu, la. Akainua macho amtazame Vernetta ili apate nguvu, lakini kwanza akaziona zile kofia. Akawaona wanawake waliokula samaki wa Vernetta, waliofutwa machozi na Vernetta kila walipofiwa, sasa wanamtazama kama mtu aliyemsukuma mtoto kisimani. Hasira ikampanda hadi masikioni.

"Aliniambia," alisema.

"Samahani, mama?"

"Aliniambia! Alipiga kelele kutoka jikoni, Earline, ubao wa tatu umeoza, pita pembeni."

"Earline, nyamaza!" Vernetta alikuwa amesimama.

"Mshtakiwa, kaa chini," alisema hakimu.

"Mheshimiwa, huyu mtoto anaweweseka! Ni dawa zile!"

"Mama, kaa!"

"Sijanywa dawa yoyote," Earline aliendelea. "Mimi nilikuwa nacheka, sikumjali. Yeye amesahau, alikuwa na mafuta motoni na kanisa zima la kulisha. Lakini asitoke mtu humu ndani akasema Vernetta aliniacha nianguke. Toka natambaa, huyu ndiye anayenichunga."

Bi. Spruill alifumba macho. Bwana Haverty alisema hana swali jingine, akakaa taratibu, kama mtu aliyeokota pochi njiani na anaogopa mwenyewe atatokea. Wale kumi na wawili walikwenda chumbani kwao, na kahawa yao haikupata nafasi ya kupoa. Earline hakupewa kitu.

Nje ukumbini, kofia zilimzunguka Vernetta. Lovie Tyndall alikuwa wa kwanza kumkumbatia, anasema alijua tangu mwanzo. Vernetta aliwasukuma wote kwa viwiko, akaja kusimama mbele ya kile kiti cha magurudumu.

"Umefanya nini, wewe? Asubuhi nimemdanganya Mungu kwa ajili yako, mchana unakwenda kunisemea kwake!"

"Alikuwa anajua, dada."

"Nyumba yako, Earline! Nyumba yako!"

Hapo Earline akalia. Alilia kwa sauti, bila aibu, kwa sababu aliipenda nyumba ile na sasa ilikuwa imekwenda.

"Nilikuwa naitaka," alisema. "Usidhani sikuitaka. Lile neno 'la' lilikuwa limeshafika mdomoni."

"Sasa kwa nini? Wangenisema, basi. Mimi mtu mzima, ningekaa na jina baya."

"Wewe ungekaa nalo. Mimi nisingeweza kulala ndani ya nyumba iliyookolewa kwa kulichafua jina lako."

Vernetta alizunguka nyuma ya kile kiti, akamkatalia Lovie aliyetaka kusaidia, akaanza kumsukuma mdogo wake kuelekea mlangoni, sasa yeye mwenyewe analia.