Binti wa Tatu wa Ayubu

Bi Biasha alikuwa na wajukuu wanne, wote wanaume, na kila mmoja alipozaliwa alimshukuru Mungu kwa mdomo huku moyoni amenuna. Mtoto wa kiume utamwitaje Biasha? Miaka kumi na mmoja alimngoja somo yake, mtoto wa kuitwa kwa jina lake, wa kumrithi kanga na ukali. Basi mkwewe Johari alipojifungua msichana, kijiji kizima cha Mbuchi kilijua kabla kitovu hakijakatwa, maana kigelegele cha Bi Biasha hakihitaji spika.

Kumbe furaha yenyewe ilikuwa ya siku mbili. Siku ya tatu Johari, bado yuko kitandani, akasema, "Mama, usinikasirikie. Damu ilipokataa kukoma, niliweka nadhiri. Nikipona, mtoto nitamwita jina la nesi aliyenihudumia."

"Nesi yupi? Yule Keni?"

"Keni ni kifupi. Anaitwa Keren-hapuki."

Bi Biasha akajaribu kulitamka, likamkwama kooni kama mwiba wa samaki hongwe. "Hilo jina au dawa ya minyoo?"

Lakini nadhiri haichezewi. Akakimbilia kwa Shehe Abdulatifu, akamweleza huku akijitahidi kuonekana mtu asiye na hila. Shehe akasema jina likiwa na maana njema halina neno, hata litoke wapi. Likiwa na maana mbaya, watalibadilisha siku ya saba na nadhiri itolewe kafara. Bi Biasha akatoka pale anatabasamu. Jina lenye mlio ule, alijiambia, haliwezi kuwa na maana njema hata ulioshe kwa marashi.

Siku ya tano asubuhi akapanda mtumbwi, akavuka kwenda zahanati. Alijipamba, wanja umemfika mpaka kwenye mkia wa jicho, maana huyu bibi hata kuteka maji haendi na macho matupu.

"Shikamoo, bibi. Mtoto hajambo?"

"Marahaba, hajambo. Nimekuja na swali moja tu, mwanangu. Jina lako maana yake nini?"

Nesi, mtu wa Njombe, mrefu na mpole, akainamia daftari lake la kliniki. "Sijui, bibi. Shuleni walinitania nalo mpaka nikaona bora nisijue. Nimeshamwambia Johari amwonee huruma mtoto. Mpeni jina lako. Mimi tangu nizaliwe sijakutana na mtu tunayeitwa sawa, wala sijamtakia mtu."

Hapo ndipo Bi Biasha angeaga akaondoka zake. Ushindi alishaupata, tena bure. Lakini umbea, jamani, umbea!

"Aliyekupa jina yu hai?"

"Baba? Yupo."

"Mpigie."

Nesi akapiga, akaiweka simu kwenye spika. Mzee aliposikia swali, akacheka. "Binti yangu, miaka thelathini na nne nangoja uniulize! Huyo ni binti wa tatu wa Ayubu."

"Ayubu gani?" Bi Biasha akadakia. "Nabii Ayubu, wa subira?"

"Huyo huyo, mama. Alifiwa na watoto wote, kisha Mungu akampa wengine. Binti wa tatu akamwita hivyo, maana yake pembe ya wanja. Zamani wanawake walihifadhi wanja kwenye pembe. Keni, kabla yako mama yako alizika wawili. Ulipozaliwa, ukafumbua yale macho, nikasema mateso yetu yamekwisha. Nilidhani unajua."

Nesi akaweka simu mezani, akalia waziwazi mbele ya akina mama waliokuja kupima watoto uzito. Bi Biasha akaona aibu kweli. Alikuja kutafuta ubaya wa jina, akakuta kilio cha watu.

"Wanja!" akanung'unika njia nzima ya kurudi. "Katika vitu vyote vya dunia, wanja! Sasa nitalipinga na uso upi?"

Hakumwambia mtu. Siku mbili alikaa na siri yake, akigombana na mbuzi wa akika aliyeletwa na mwanawe Hemedy, baba wa mtoto, kutoka Kibiti, kana kwamba mbuzi ndiye aliyemkosea. Angenyamaza tu, mtoto angekuwa Biasha. Nesi mwenyewe alisharidhia.

Siku ya saba watu wakajaa uani. Johari, kwa heshima na kwa woga, alimwachia mkwewe atamke.

"Haya, Bi Biasha," Shehe akauliza. "Tumwite nani?"

Bi Biasha akamtazama mjukuu wake. Alitaka aitwe Biasha, alitaka kweli.

"Keren-hapuki," akasema, safi kabisa. "Binti wa Nabii Ayubu. Jina lina maana njema, mwenye neno aniulize mimi."

Jirani yake Safina tu ndiye aliyeshindwa kujizuia. "He! Na somo yake atakuwa nani, maana hapa Mbuchi jina hilo hatuna?"

Nesi alikuwa amesimama mlangoni, viatu mkononi, hajui akae wapi. Bi Biasha akamnyanyua mtoto, akapita katikati ya watu, akamweka mikononi mwake.

"Mshike somo yako, mwanangu," akamwambia. "Sasa mko wawili."