Nyoka wa Pili

Kosa ni langu, na sikulifanya kwa kutojua. Nilijua kuna nyoka wawili. Nikafundisha mmoja.

Mimi ni bwana shamba hapa Litapunga. Siku hiyo kikundi cha kina mama walikuwa wanapalilia karanga, jembe likamfukua nyoka mdogo, mweusi, anang'aa kama kamba ya kiatu iliyopakwa dawa ya viatu. Majembe yakainuliwa. Nikawazuia. Nikamweka kiganjani, nikawaambia huyu ni kipofu, anaishi ardhini, anakula watoto wa mchwa, na mdomo wake hautoshi kuuma hata sikio la panya. Mkiani ana kamwiba, anaweza kukuchomachoma, ila hakana sumu. Msimuue, mhamisheni tu pembeni.

Theopista ni mtani wangu. Tangu nihamie hapa hajawahi kunipa salamu isiyokuwa na tusi ndani yake. Akasogea, akamkagua nyoka mbele na nyuma.

"Anafanana na wewe, bwana shamba," akasema. "Hajulikani kichwa kiko wapi."

Shamba zima likacheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Hapo ndipo nilipotakiwa kusema kwamba yupo mwingine, naye mdogo, naye mweusi, naye wa ardhini, ila huyo ana sumu. Meno yake yanachomoza kwa pembeni hata akiwa amefumba mdomo, kwa hiyo hana mahali pa kumshikia. Chuoni tulifundishwa wote wawili kwenye ukurasa mmoja. Lakini kicheko kilikuwa kimenoga. Nikaona darasa limeisha vizuri, nikapanda pikipiki.

Mvua zilipochanganya, siku moja niko kwenye kibanda cha chai cha Silvesta, nikasikia watu wanaongelea mwanamke aliyeumwa na nyoka aliyemwokota mwenyewe kwa mkono. Mambo kama hayo mimi siwezi kuyaacha yapite. Nikasema huyo mama hospitali si mahali pake, apelekwe kwa Wasukuma akacheze ngoma ya nyoka, kipaji kisipotee. Watu wakacheka mpaka chai ikamwagika.

Mmoja hakucheka. Alikuwa Fredrick, mume wa Theopista, ndiyo kwanza anatoka Mpanda mjini, hospitali. Akaja mezani kwangu, akaweka chupa ya maji. Ndani yake kulikuwa na nyoka aliyekufa.

"Bwana shamba," akasema taratibu, "nitajie huyu."

Nikaigeuza chupa. Ukimtazama harakaharaka utasema ni yuleyule. Lakini yule wangu alikuwa na magamba madogo yanayolingana, tumboni na mgongoni, hujui upande upi ni upi. Huyu tumboni alikuwa na magamba mapana, yamelaliana kama mabati. Na alikuwa na macho. Madogo kama mbegu za mchicha, lakini macho.

"Siye niliyewaonyesha," nikasema.

Fredrick akaeleza bila kupandisha sauti. Theopista alimwokota kwenye tuta la viazi asije akakatwa na jembe. Alipochomwa, akasema ni kale kamwiba ka mkiani, akaendelea kumshika mpaka ukingoni mwa shamba. Mkono ulipoanza kuvimba, wenzake wakamuua nyoka, wakamtia chupani. Kidole cha shahada kimeoza, wamekikata.

"Wamemuuliza nani kamfundisha kuokota nyoka," akasema. "Hakukutaja."

Nikawaambia wote pale kuwa ni mimi. Heri wangenitukana. Kila mtu aliangalia kikombe chake.

Kikundi nilikirudia, chupa mkononi, nikafundisha nyoka wa pili. Darasa lile halikuwa na kicheko. Halafu nikasikia Theopista karudi nyumbani, nikaenda.

Nilimkuta uani anabangua karanga kwa mkono wa kushoto na meno, wa kulia umefungwa bandeji. Akaagiza niletewe kiti.

"Karibu, bwana shamba. Habari za kazi?"

Salamu safi, ya heshima, kama ya kumpa mgeni kutoka wilayani. Nikamwomba msamaha, nikamweleza yote, mpaka ile ngoma ya Wasukuma niliyoitania kibandani. Akasema haina shida, ni mipango ya Mungu, na asante kwa kuja. Nikasubiri kipande cha salamu kilichobaki, kile cha kunichoma. Maganda yakawa yanadondoka kwenye ungo.

"Mtani," nikasema, "nitukane basi. Hata kidogo tu."

Akachukua karanga nyingine, akaiweka kwenye meno.