Herufi Kubwa za Makhanu

Cherop, karani wa kituo cha kupokea maziwa, alipiga simu tena kutoka Molo, na safari hii hakusalimia.

“Kipkemei, mashine imekataa kadi! Wakulima wamejaa hapa na mitungi yao, dereva wa tanka amewasha injini. Akienda, haya maziwa nimwage wapi?”

“Nipe dakika kidogo.”

“Hizo dakika umeniuzia tangu asubuhi!”

Katika ofisi yao ya programu, mtaa wa Free Area, Kipkemei alizidi kugonga kibodi. Jana alikuwa amebadilisha majina ya klasi zote, vile vipande vinavyojenga programu. Makhanu, aliyeanzisha mfumo huo wa kupokea maziwa, aliandika vifupisho kwa herufi kubwa tupu: RFIDReader ya kusoma kadi, SMSSender ya kutuma ujumbe. “Majina yako yanapiga kelele kama mhubiri wa sokoni, mzee,” Kipkemei alimcheka mbele ya watu. Akaandika RfidReader, SmsSender, akazipandisha kwenye seva, kompyuta kuu inayoendesha mashine za vituoni, bila kumuuliza mtu. Kwenye laptop yake kila kitu kilitembea, maana laptop hiyo haikutofautisha herufi kubwa na ndogo katika majina ya faili. Hivyo haikuona mabadiliko, na faili zenyewe zikapanda na majina ya zamani. Seva ilitofautisha, ikatafuta majina mapya, isiyaone.

Alirekebisha faili ya kadi. Kadi zikasomeka, ujumbe wa simu ukagoma. Akarekebisha ujumbe, risiti zikakataa kutoka.

“Rudisha ya zamani,” Makhanu alisema nyuma yake.

“Imebaki faili moja tu.”

“Ulisema hivyo hivyo kwa ile iliyopita.”

Kurudisha kulikuwa kubofya mara moja tu. Lakini kazi yake yote ingefutika, na zile herufi alizozicheka zingerudi kuketi mahali pake, Makhanu mwenyewe akitazama. Akafungua faili ya risiti.

Kwenye simu honi ililia. Kisha sauti ya mama mmoja, kwa Kikalenjin: amekamua gizani, ametembea na baridi, sasa aambiwe arudi na mtungi umejaa?

Kipkemei akabofya.

Halafu kelele za watu, na Cherop akipaza sauti, “Imesoma, na risiti imetoka! Dereva, zima hiyo injini!”

Makhanu hakucheka, na hilo lilimchoma Kipkemei zaidi.

“Majina yako ni mazuri kuliko yangu,” Makhanu alisema. “Lakini wewe ulitaka ushindi.”

Jibu kali lilikuwa tayari ulimini. Kipkemei akalimeza, likapita kama mfupa.

“Tanka ikishaondoka,” alisema bila kugeuka, “keti hapa, mzee. Tuyabadilishe pamoja.”

“Nikikataa?”

“Basi yatabaki yako.”

Makhanu akavuta kiti.