Kamba ya Kalista

Isakwisa alikitoa kijiti cha plastiki, akaangalia alama yake, akakirudisha taratibu kwenye njia ya uzazi ya ndama. Kikakwama palepale, kabla ya kufika kina cha kawaida.

"Kuna nini, daktari?" aliuliza Yusta, aliyekuwa ameshika shingo ya ndama.

"Huyu ni pacha wa yule dume?"

"Ndiyo. Nusu ya watu wa Uyole walikuja kuwatazama."

Isakwisa aliitwa asubuhi hiyo kumpandisha mama yao kwa chupa, bila dume. Ndama alimpima kwa sababu tu aliambiwa anaondoka leo. Ng'ombe huyo Yusta alipewa na kikundi cha akina mama wa kanisani, na sharti lao ni moja: ndama jike wa kwanza anakwenda kwa anayefuata. Aliyefuata ni Kalista, mjane, aliyesubiri miaka mitatu na kujijengea banda.

"Tumboni damu zao zilichanganyika," alisema Isakwisa. "Damu ya kaka ikamfikia dada, ikazuia kizazi chake kukua. Hatazaa."

"Lakini alianza akiwa jike?"

"Jike kamili, tangu mbegu ilipoingia."

Yusta alimzunguka ndama. Macho makubwa, chuchu nne. Ajabu, jambo zito hivyo halionekani hata kidogo! Na kama halionekani, Kalista angejua lini? Baada ya miaka miwili labda. Yusta aliona aibu, lakini wazo la kunyamaza lilikuwa limeshaingia.

"Hodi humu!" Kalista aliingia na kamba mpya ya katani begani, amevaa kitenge cha sikukuu. "Nimemfuata binti yangu."

Njia ya mwongo ni fupi, ingawa hii ingemtosha Yusta miaka miwili mizima.

"Huyu hazai, mwenzangu," alisema, akaeleza yote. "Nitakupa atakayefuata."

Kalista aliketi juu ya ndoo. Machozi yalimlenga. Isakwisa alifungua mtungi wake wa kuhifadhia mbegu, mvuke mweupe ukapanda, akachomoa mrija mwembamba. Kalista akainuka kuutazama.

"Humo kuna jike?"

"Wamo majike na madume, karibu nusu kwa nusu. Inategemea mbegu ipi itawahi. Ng'ombe mwenyewe hana la kuamua."

"Hana kabisa?"

"Hata mwanamke hana, mama."

Kalista alimkodolea macho. "Na marehemu alininunia kwa mabinti wanne!" Akacheka mpaka Yusta naye akacheka.

Kisha akaitundika kamba yake kwenye msumari wa banda la Yusta, akaenda kumshikilia ng'ombe kichwa.