Mvuke Ndani ya Kibuyu

Mke wa mwanangu ana mashine ya mvuke, na tangu aipate hakuna kitu jikoni kinachopumua. Anaijaza maji, anangoja yachemke, kisha anashika mdomo mrefu wa mashine na kuzunguka nao: nyuma ya meko ya gesi, kwenye mistari ya vigae, chini ya sinki, hadi vishikio vya makabati. Mafuta yaliyoganda yanalainika na kutiririka, naye anayafuata na kitambaa huku akitabasamu. Celestine ni mtu wa usafi, sitamnyima hilo. Shida ni kwamba kwake uchafu ni kitu chochote ambacho hakukinunua yeye.

Nilipotoka Kuresoi kuja kukaa nao hapa Nakuru, mwanangu Micah aliniambia nimefanya kazi ya kutosha, sasa nile tu nilale. Ni maneno matamu ukiyasikia mara ya kwanza. Kupika nikakatazwa kwa sababu ya gesi, vyombo nikakatazwa kwa sababu ya mgongo. Nikabakiwa na kazi moja, mursik. Hakuna mwingine katika nyumba ile aliyejua kutengeneza maziwa yetu ya kibuyuni, na watu wetu wakija wasiyakute, wanaondoka wakiuliza kama hapo kweli kuna boma. Kwa hiyo nilipewa kona moja ya rafu, na katika kona hiyo nilikuwa bado mtu.

Kibuyu chenyewe niliachiwa na mama. Zamani kilipasuka shingoni, naye akakishona kwa uzi wa ngozi kikashika. Koito ya mjukuu wangu Kimberly ilipokaribia, yaani siku ya wakwe kuja kuzungumza mahari, nilikiosha kwa mkono wangu. Nikachoma kijiti cha mti wa senetwet kikawa kaa, nikasugua nacho ndani taratibu mpaka kibuyu chote kikawa cheusi na kunukia moshi. Kaa hilo ndilo linalotunza maziwa yasiharibike. Nikakirudisha rafuni, nikaenda kanisani, nikisubiri maziwa kutoka nyumbani Kuresoi.

Niliporudi, jikoni kulikuwa kumejaa mvuke. Celestine alikuwa amekibana kibuyu changu kwapani kama kuku wa kuchinjwa, mdomo wa mashine umeingia ndani, na maji meusi yanashuka kwenye sinki.

"Mama, hii kitu ilikuwa imejaa masizi," aliniambia. "Wageni wangeumwa na tumbo. Sasa iko safi kabisa."

Nilikichukua. Kilikuwa cha moto, kimelegea, kinanuka kama katoni iliyonyeshewa. Uzi wa mama ulikuwa umeachia na ufa umefunguka mpaka tumboni. Nilikasirika. Huyu mwanamke ameolewa kwetu miaka yote hii, ameniona nikisugua lile kaa kila mara, kumbe hakuwahi kuangalia. Nilimwambia ameniua. Akajibu kwamba kibuyu kingine kitapatikana, na Micah alipoitwa akasema nisimharibie mtoto siku yake. Hiyo ndiyo hukumu niliyopata.

Siku ya koito, Celestine hakukosa la kufanya. Alinunua mala, maziwa mgando ya pakiti, dukani, akasaga vijiti vyangu vya kaa vilivyobaki, akakoroga, akamimina kwenye jagi. Kibuyu akakisimamisha mezani kando ya jagi, ufa umegeuzwa upande wa ukuta.

Wageni walikunywa. Nilimtazama Mzee Kimaiyo, baba wa kijana anayeoa, mtu wa rika langu aliyelelewa kwa mursik, nikiomba moyoni ateme. Alipangusa midomo, akaomba kikombe kingine. Kisha akauliza ni nani aliyeyatengeneza, maana huku mjini mkono kama huo haupatikani tena.

Macho yote yalinigeukia. Celestine aliinamisha kichwa. Ningeweza kunyamaza tu, nikapokea sifa za pakiti.

"Ni Celestine," nilisema. "Mimi sikugusa."

Nilitaka aaibike mbele ya watu. Badala yake mzee alipiga makofi, akamwambia Kimberly ana bahati kuwa na mama wa namna hiyo, aliyetoka kabila lingine na bado ameshika mila kuliko wenyewe. Wanawake wakapiga vigelegele. Micah akanitazama kwa shukrani, akidhani nimesamehe.

Tangu siku hiyo mursik ya nyumba hii inakorogwa kwenye jagi. Kona yangu ya rafu imekaliwa na mashine. Kibuyu hawakukitupa, Celestine alikipiga mvuke tena, akakipaka vanishi, akakiweka sebuleni karibu na kiti changu, na maua ya plastiki ameyachomeka mdomoni mwake. Wageni wakiingia wanakisifu kwanza, halafu wananisalimia mimi, kisha wanaendelea na mazungumzo yao.