Nyumba Iliyokata Rufaa

Usiku wa kuamkia leo nimeota niko darasani, nafundisha majengo ya kuhimili tetemeko, hodi ikapigwa, ikaingia nyumba.

Ilikuwa ya ghorofa moja. Iliinama isigonge fremu ya mlango, ikaketi mbele. Wanafunzi walisogea kuipisha, basi.

"Shikamoo mwalimu. Nimekuja kukata rufaa."

"Marahaba. Ulipata ngapi?"

"Themanini na moja. Naomba unipunguzie."

Hapo nikaitambua. Ni ramani ya mwanafunzi wangu Atuganile, aliyomchorea mama yake kule Tukuyu. Leo asubuhi mafundi walikuwa wamwage zege la nguzo. Mimi, kwa uvivu wangu, nilipenda baraza nikatoa alama, nguzo hata sikuzitazama. Aibu ilinishika mpaka masikioni.

"Chini mbele nina milango mitatu ya maduka, ukuta hakuna," inasema nyumba. "Kuta zote ziko nyuma. Kila mwaka unafundisha kwamba nyumba ya hivyo ikitikiswa inajizungusha. Haya, tazama."

Inajizungusha kweli. Darasa limeshakuwa Tukuyu, kwenye migomba. Dirishani juu amekaa mama yake Atuganile, anachambua mchele. Anapita mbele yangu, anapotelea nyuma, anarudi.

"Mwalimu, si ulisema ni nzuri?" ananiuliza akipita.

"Nilisema, mama."

"Basi isimamishe. Mimi ndiye nitakayelala humu."

Sina tofali hata moja. Najipenyeza kati ya nguzo mbili za mbele, nakaza mgongo, nakuwa ukuta. Nyumba inasimama, inapumua. Wanafunzi wanakuja na futi, wananipima.

"Unene hautoshi, mwalimu," anasema Atuganile, machozi yanamlengalenga. "Na mama yangu yuko juu."

"Najua, binti yangu. Nakaza."

Naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Ufa unaanzia begani, unashuka taratibu, na mama wa watu anaendelea kuchambua mchele wake.

Nikaamka. Kumekucha, na simu ina ujumbe wa Atuganile:

"Shikamoo mwalimu. Mama amewazuia mafundi, zege halimwagwi leo. Anasema uje kwanza tuchore ukuta wa mbele. Halafu anakupa pole sana, anauliza mgongo umepoa?"

Nilijaribu kuinuka nimjibu, nikapiga ukelele. Haujapoa hata kidogo.